Mfupa wa Darasa la Pili

Waliomtoa binti yangu jicho ni watu watatu, na wote wako hai, wanakula na kushiba. Wa kwanza ni mwalimu wa darasa la pili. Wa pili ni mwalimu mkuu. Wa tatu ni mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye ni mtu wa hapa hapa kwetu, tumewinda ndege naye utotoni kwenye majaruba ya mpunga, na huyo ndiye ninayemchukia kuliko wote. Majina siandiki. Siyo kwamba nawaogopa. Mtu wa kijiji chetu akisoma hapa atawajua tu, na asiye wa kijiji chetu jina halitamsaidia kitu.

Lakini jicho siyo ninalolilia zaidi. Limebaki moja, na hilo moja linaona mbali kuliko yangu yote mawili. Ninacholilia ni mdomo wake. Walimnyang'anya mama yangu mjukuu wake huku mjukuu yupo, wanakula chungu kimoja, wanalala chumba kimoja. Hilo ndilo nataka kulieleza, na nitalieleza kwa Kiswahili changu hiki cha sokoni, maana shule niliishia darasa la nne.

Baba yake alikwenda machimboni akaoa huko. Sikumfuata. Nilirudi kwa mama yangu na mtoto mgongoni, nikaanza kuuza michembe sokoni Bariadi. Asiyejua, michembe ni viazi vitamu tunavyokata vipande vyembamba tukavianika mpaka vinakauka kama maganda. Natoka alfajiri, narudi jua likielekea kuzama. Kwa hiyo aliyemlea mtoto ni mama yangu, na mama yangu Kiswahili hana. Alikuwa anajua "asante" na "Bwana asifiwe", basi. Maneno yote ya mtoto yalikuwa ya bibi yake.

Na alikuwa nayo mengi! Alianza kusema mapema na akaanza kwa fujo. Wanawake wa kisimani walimpa jina la Redio. Nikifika na ndoo wananiuliza, "Mama Redio, leo hujaja na taarifa ya habari?" Siku moja wageni wa kanisani wamekaa ndani, wanaongea na mama, mtoto akasimama mlangoni akawatangazia, "Bibi amesema nyie mkiondoka ndiyo tutakunywa chai yenye sukari." Mgeni mmoja alicheka mpaka akafuta machozi na kanga. Mama yangu alijifunika uso. Sukari ikatoka siku hiyo hiyo.

Kabla sijafika mbali niseme kuhusu salamu. Kwetu asubuhi unasema mwangaluka, na mwenzako anajibu mwangaluka. Jua likigeuka ni mwadila, na jibu ni mwadila. Mzee kwa mtoto, mtoto kwa mzee, neno ni lile lile. Heshima iko kwenye magoti, mtoto anapiga goti, haiko kwenye neno. Mama yangu hajui namna nyingine. Kila asubuhi nilikuwa nasikia hayo mawili nikifunga mzigo wangu gizani: mwangaluka ya sauti nzito, halafu mwangaluka ya sauti nyembamba, halafu maneno yanafunguka kama mtu amefungulia maji.

Darasa la kwanza alisoma vizuri. Mwalimu wao alikuwa mama mtu mzima, Msukuma kama sisi. Alikuwa anasema kitu kwa Kiswahili, akiona macho ya watoto yamesimama anainama na kukirudia kwa Kisukuma, taratibu, kama anaiibia serikali. Watoto walimpenda. Mwisho wa mwaka alistaafu. Tulimpa jogoo na akina mama wakamsindikiza mpaka barabarani wakiimba.

Akaja kijana. Alitoka mbali, na kila mtu alijua hakupenda kuletwa huku, maana alikuwa anatembea uwanja mzima ameinua simu juu kutafuta mtandao. Wakampa darasa la pili.

Wakatuita mkutano wa wazazi. Tulikaa darasani kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwalimu mkuu akasimama akatusomea matokeo. Shule yetu ilikuwa mkiani kwenye kata.

"Wazazi wangu," akasema, "tatizo siyo walimu. Watoto wenu wanakuja hapa na Kisukuma, wanacheza Kisukuma, wanaota Kisukuma. Mtihani hauji kwa Kisukuma."

Watu wakacheka. Ndipo yule kijana akatoa kitu kwenye mfuko. Ulikuwa mfupa wa taya la ng'ombe, meno mengine bado yamo, umetobolewa tundu mbili ukapitishwa kamba ya katani. Akaunyanyua juu ili tuone wote.

Akaeleza. Mtoto akisema Kisukuma eneo la shule anavaa. Anakaa nao mpaka amsikie mwenzake akikosea, ndipo anamvisha huyo. Atakayekuwa nao kengele ya mwisho ikigongwa analala nao nyumbani, na asubuhi anachapwa na kusafisha vyoo.

Watu walipiga makofi. Nataka lieleweke hilo. Hatukuburuzwa. Watu wazima wenye watoto walipiga makofi.

Mwenyekiti wa kamati akainuka akiweka vizuri koti lake. "Hii ni dawa chungu, lakini ni dawa. Mimi mwenyewe hapa hapa shuleni nilivaa kibao shingoni, na leo niko hapa mbele yenu."

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Mwenyekiti, na mimi nilikivaa kibao hicho hicho, na leo niko huku nyuma."

Darasa zima likaangua kicheko. Walidhani ni utani. Na yeye akacheka, akasema, "Mama, wewe kaa. Usiturudishe kwenye kuchunga." Nikakaa.

Lakini haukuwa utani. Enzi zetu kilikuwa kibao cha mti, kimeandikwa kwa rangi SIJUI KISWAHILI, na kona yake moja ilikuwa inachoma hapa juu ya kifua. Nilikivaa zaidi ya wenzangu wote kwa sababu na mimi nilikuwa msemaji. Darasa la nne nikaanza kuumwa tumbo kila asubuhi. Lilikuwa linauma kweli. Baba akasema basi abaki alinde mtama, ndege wanatumaliza. Nililinda mtama. Kiswahili nilikuja kujifunza nikiwa mtu mzima, sokoni, kwa wateja, na hakuna mteja hata mmoja aliyenivisha kitu shingoni.

Sasa mfupa. Kibao hakinuki. Mfupa unanuka, hasa mvua ikinyesha. Watoto waliokuwa wanarudi nao nyumbani walikuwa wanafuatwa na mbwa njia nzima. Utamwona mtoto anatembea kinyumenyume, ameshika jiwe, anapiga kelele za kufukuza mbwa kwa Kiswahili ili asije akaongezewa siku.

Na watoto ni watoto, wakauzoea kwa namna yao. Mwenye mfupa anatafuta wa kumvisha. Atakusikiaje unakosea kama umenyamaza? Basi wakagundua. Mtu akiumia ghafla hapangi maneno. Analia kwa lugha ya kwao. Kwa hiyo mwenye mfupa anapita nyuma yako taratibu, anakukanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, au anakufinya pale pembeni ya mbavu. Ukitoa "Mayu wee!", yaani mama yangu we, umekwisha. Anauvua anakuvisha, mwalimu anasema vizuri.

Mwalimu alikuwa anaona. Yalikuwa yanafanyika mbele ya ubao.

Kwa hiyo watoto wakajifunza kuumia kimya. Hicho ndicho darasa la pili lilisoma mwaka ule kuliko hesabu. Ukimkanyaga mtoto wa darasa lile anakutazama tu.

Siku ya kwanza binti yangu aliporudi na mfupa mimi nilikuwa sokoni. Mama yangu alikuwa anapepeta dengu. Kuinua macho anamwona mjukuu wake ana taya la mnyama kifuani, nzi wanalizunguka, na mbwa wa jirani nyuma.

"Tumefiwa na nani?" akauliza. Kwake yeye mfupa wa mnyama aliyekufa haukai mwilini mwa mtoto mzima. Ni kukiita kifo kwa jina. Hakusubiri maelezo. Akachukua kisu akakata kamba, akaenda kuutupa chooni, akarudi akamwogesha mtoto kwa majani, akiongea peke yake muda wote.

Niliporudi jioni mtoto alikuwa ananisubiri njiani. "Mayu," ananiambia, "kesho nitasema nini?"

Asubuhi sikwenda sokoni. Nikampeleka mwenyewe. Mwalimu alikuwa mlangoni mwa darasa na simu yake.

"Shikamoo mwalimu," nikasema, ingawa ningeweza kumzaa.

"Marahaba. Mfupa uko wapi?"

"Bibi yake ameutupa. Ni mtu mzima, aliogopa. Kwetu mambo hayo..."

"Mama, mimi sikuuliza mambo ya kwenu. Mfupa uko wapi?"

"Uko chooni."

"Basi hakuna shida," akasema, na akatabasamu. "Mali ya darasa imepotea, darasa litalipa."

Aliwachapa wote. Nikiwa bado uwanjani nasikia, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyelia mayu. Jioni mwenyekiti wa kamati akaleta mfupa mwingine. Alikuwa amechinja ng'ombe wa harusi ya kijana wake. Aliuleta kwa mkono wake mwenyewe, ameufunga kwenye gazeti kama zawadi. Nimesema namchukia kuliko wote. Yule mgeni alikuwa hatujui. Huyu alijua kibao kinachoma wapi.

Tangu siku ile watoto hawakumwita Redio tena. Walimwita Mfupa.

Halafu mwalimu akaongeza sheria. Hata nyumbani. Akawaambia, nyie ni majirani, sikilizaneni. Mtoto wa boma la jirani akapita nyuma ya nyumba yetu jioni, akamsikia binti yangu anamsimulia bibi yake habari ya sungura aliyeingia jikoni mwa shule. Asubuhi akavishwa mfupa kwa sababu ya huyo sungura.

Hapo ndipo alipofunga mdomo. Sikumbuki siku gani hasa, maana kitu kinachoacha kusikika huwezi kukijua mara moja. Ilinichukua muda kugundua kwamba nafunga mzigo wangu alfajiri nasikia mwangaluka moja tu. Ile nzito. Inatoka, inakaa hewani, inarudi kimya. Mtoto alikuwa anapiga goti, anainamisha kichwa, anakwenda kunawa.

Mimi alikuwa ananijibu, lakini kwa Kiswahili. Mayu nikawa mama. "Mama, naomba maji." "Mama, nimemaliza kufagia." Kiswahili kizuri, kimenyooka, kama cha mtu wa kwenye televisheni. Bibi yake akimwuliza kitu ananitazama mimi, ananiambia kwa Kiswahili, mimi namgeuzia mama yangu. Watu wawili waliokuwa wanalala wanacheka, sasa wanahitaji mkalimani.

"Wamemfunga mdomo kwa uzi gani?" mama akawa ananiuliza. Alidhani amerogwa. Akamtafutia mizizi kwa mtu anayemwamini, akamchanganyia kwenye uji. Mtoto alikunywa, akasema, "Asante bibi," kwa Kiswahili, na mama yangu akafurahi siku nzima kwa sababu asante alikuwa anaijua.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia, mtoto wangu hasemi na bibi yake. Alifungua daftari la mtoto akanionyesha vema nyekundu nyingi.

"Mama, huyu anaendelea vizuri mno. Zamani alikuwa na kelele. Kunyamaza ndiyo nidhamu yenyewe."

"Mwalimu, nyumbani siyo shule."

"Ndiyo maana hamfaulu," akasema. Kwa upole kabisa. Akanipa na kiti nikae.

Pamba ilikuwa imeanza kutoa maua. Shule ina shamba la pamba, kama shule zote za huku, na siku ile walikuwa wanapuliza dawa. Wakubwa wa darasa la sita na la saba wanabeba bomba mgongoni, wadogo wanachota maji. Mwalimu wa darasa la pili ndiye alikuwa zamu. Alitakiwa apime dawa mwenyewe, kizibo kwa kizibo, aimimine kwenye ndoo. Simu yake ikaita. Akampa binti yangu chupa ikiwa wazi, akamwambia, "Shika hapa, usimwage," akaenda pembeni kuongea.

Nyuma yake alikuwa mtoto mwenzake amevaa mfupa.

Huyo mtoto ndiye aliyekuja kunieleza baadaye, kabla hatujakwenda hospitali ya Mwanza, ameletwa na mama yake, na alinieleza kwa Kisukuma huku anatazama mlango. Alisema aliona mwenzake mikono yote miwili imeshika chupa, hawezi kumsukuma. Akapita nyuma akamkanyaga kidole kwa kisigino, kama walivyozoea. Binti yangu akashtuka. Dawa ikaruka ikamwingia jichoni, dawa kali, ile ambayo bado haijatiwa maji.

"Alisema nini?" nikamwuliza.

"Hakusema kitu."

"Hakulia?"

"Alifunga mdomo hivi." Akanionyesha, midomo imeingia ndani mpaka haionekani. "Nilimsubiri alie nimvishe. Hakulia."

Aliweka chupa chini taratibu asiimwage, kama alivyoambiwa. Akachuchumaa katikati ya mistari ya pamba, akawa anasugua jicho kwa mkono wa sweta. Mwalimu alipomaliza simu akamwona.

"Wewe una nini?"

Kimya.

"Nimekuuliza, una nini? Sema Kiswahili."

Kimya. Wenzake wote wameona, na hakuna aliyefungua mdomo, maana kila mmoja alikuwa anapanga maneno kichwani na anaogopa yatoke vibaya.

"Anadeka huyo. Kaa pembeni huko."

Akakaa pembeni. Alikaa mpaka kengele, kisha akatembea nyumbani.

Huyo mtoto mwenye mfupa mimi simhesabu na wale watatu. Alipokuwa ananieleza alikuwa analia, na mama yake analia, na mimi ndiye niliyewabembeleza. Mtoto wa umri ule unamlaumu nini? Alikuwa anatafuta kulala usiku mmoja bila kufuatwa na mbwa.

Nilipofika nyumbani mama yangu alikuwa amemlaza mtoto mapajani, anammiminia maji kwa kata, na karibu yake kuna kibuyu cha maziwa. Alikuwa anaimba ule wimbo aliokuwa anamwimbia alipokuwa mchanga. Jicho lilikuwa limevimba, na ndani jeupe kama maziwa yaliyogandishwa. Mtoto kimya. Nikamwuliza kwa Kisukuma, nini kimekupata? Akanijibu, "Nimeumia jicho, mama."

Pikipiki mpaka Bariadi. Bariadi wakatuandikia Mwanza. Daktari wa Mwanza alikuwa mwanamke, hana haraka. Alipomaliza kutazama akavua glavu.

"Maji yalikuwa mbali?" akaniuliza.

"Hapana, daktari. Ndoo ya maji ilikuwa miguuni pake."

Akazitupa zile glavu kwenye pipa. Halafu akasema kwamba kama wangemwosha pale pale, maji mengi, muda mrefu, jicho lingepona au lingebaki na kovu dogo. Lilikuwa ni suala la maji tu. Sikumweleza kuhusu mfupa. Ningeanzia wapi?

Tuliporudi nikaenda shule. Ofisini walikuwapo wote watatu, na nadhani walikuwa wameitana. Mwenyekiti ndiye aliyeanza.

"Pole sana dada. Ajali haina kinga."

"Siyo ajali," nikasema. "Ni mfupa."

"Mfupa umeingiaje kwenye dawa ya pamba?" akauliza yule kijana. Alikuwa amekonda kidogo. Hilo nakiri.

Nikawaeleza kama nilivyoelezwa. Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, haandiki.

"Tatizo, mama, ni kwamba mtoto hakusema. Mwalimu alimwuliza mara mbili. Angesema, angesaidiwa."

"Mlimkataza kusema."

"Hatukumkataza kusema. Tulimkataza Kisukuma."

"Mwalimu, wewe ukimwagiwa maji ya moto unapiga kelele kwa lugha gani?"

Akaiweka kalamu mezani. Nikamgeukia mwenyekiti, nikamwuliza kwa Kisukuma, taratibu, mbele yao. Nikamwambia, wewe unakijua kibao kile. Unajua mtu anafungaje mdomo. Waambie basi.

Alitazama wenzake, akakohoa. "Dada, tuongee Kiswahili. Kuna wageni."

Mgeni alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa ameshika chupa kabla ya mtoto wangu.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, nikaenda mpaka kwa afisa elimu wa kata. Niliambiwa nisubiri, nikasubiri. Kijana akahamishwa. Mama mmoja kisimani aliniambia, "Si umeshinda, amehama?" Alihamishwa kwenda karibu na mji, kwenye mtandao, ndiyo alichokuwa anatafuta. Mwalimu mkuu bado yupo. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti, tulimchagua tena kwa kunyoosha mikono. Mfupa hauvaliwi siku hizi. Hakuna aliyetangaza kwamba umefutwa. Hakuna aliyesema samahani. Siku moja haukuonekana, basi.

Sasa binti yangu yuko darasa la nne. Ni wa kwanza katika Kiswahili. Walipokuja wageni kufungua vyoo vipya alichaguliwa kusoma shairi la kuwakaribisha, akalisema lote bila karatasi, kichwa amekigeuza kidogo kushoto kama anavyofanya ili jicho lile zima liwaone watu. Wageni wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akasema kwa kipaza sauti, "Mnaona wazazi? Inawezekana." Nilikuwa nyuma kabisa, kwenye jua. Wenzangu wakanigeukia kunipongeza na mimi nikaitikia, ningefanyaje? Lilikuwa shairi zuri na alilisema vizuri.

Lakini nyumbani ni vile vile. Nilimwambia mwanangu, mfupa haupo tena, sema na bibi yako. Alinijibu, "Najua, mama." Anafungua mdomo mbele ya bibi yake, halafu midomo inaingia ndani. Anakimbia kuchota maji. Anamfulia bibi yake nguo, anamkata kucha, anampikia uji. Kila kitu anamfanyia isipokuwa hicho.

Mama yangu mwaka huu amechoka sana. Miguu imevimba, kisimani haendi. Nikawa namsikia ananiuliza maneno, nikidhani ni uzee. "Hivi maji wanasemaje wale?" Maji, namwambia. "Na njoo?" Njoo. "Na kukaa?" Anayarudia akichambua mboga, anayakosea, anayarudia tena. Mwanamke ambaye mumewe alikufa bila kumsikia akisema neno la Kiswahili zaidi ya asante. Siku moja akaniuliza, "Mtoto akifika shuleni anawasalimiaje wale wakubwa?" Nilikuwa na haraka, namimina michembe kwenye gunia. Nikamwambia, anasema shikamoo. Nikaenda zangu sokoni.

Siku ile biashara ilikuwa nzuri nikarudi mapema. Mama amekaa kwenye kigoda kando ya mlango, amefunga kitambaa chake cha kanisani, na siku yenyewe ya katikati ya wiki. Nikatua mzigo. Mtoto akatokea njiani na begi lake la shule. Akafika, akapiga goti kama kawaida, akainamisha kichwa, akawa anataka kupita.

Mama yangu akamshika mkono. Akajiweka sawa pale kwenye kigoda, akamtazama kwenye lile jicho zima, akasema kwa sauti ya mtu anayetembea juu ya mawe ya mto,

"Shikamoo."

Kwetu salamu haina mkubwa na mdogo, angejuaje kwamba hii inayo? Hakuna aliyemwambia. Mimi sikumwambia. Nikafungua mdomo nimsahihishe.

Mtoto alikuwa bado amepiga goti. Alimtazama bibi yake. Alinitazama mimi. Anajua salamu kuliko sisi wote, ni wa kwanza darasani. Midomo ikaanza kuingia ndani kama ilivyozoea, halafu ikasimama.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

Akaweka begi chini, akakaa mavumbini, akaegemea goti la bibi yake. Mabega yake yakaanza kutikisika. Hakutoa sauti. Mama yangu alikuwa anacheka, meno yake machache yote nje, anampapasa kichwa, na akanigeukia kwa Kisukuma.

"Nimepatia?"

"Umepatia, mayu," nikamwambia.